Bunduki na risasi ya kuwindia kulungu: sheria kwanza, bega la pili, kulungu wa mwisho

Bunduki yangu ya kwanza ya kuwindia niliinunua kwa pupa. Ilikuwa Oktoba, hapa Columbus, Ohio, msimu umekaribia, nami nilikuwa na hela ya ovataimu mfukoni. Nikachukua bunduki ya risasi za .308 Winchester, ya komeo (bolt-action, unaikoki kwa mkono), kitako cha mti, inang'aa. Muuzaji hakuniuliza nitawindia wapi, nami sikumwambia. Mzee mwenye shamba aliyenipa ruhusa ya kuwinda kwake aliishika, akaigeuza, akasoma maandishi kwenye mtutu, kisha akacheka. Bunduki safi kabisa, akaniambia, ila hapa Ohio kulungu hapigwi nayo.

Kwenye kozi ya wawindaji jambo hilo walikuwa wamelisema. Siku ile nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikasinzia.

Tangu hapo wapwa na marafiki wakiniuliza wanunue bunduki gani, naanzia kinyume na wanavyotarajia. Wao wanataka kuanza na mnyama: anaanguka kwa risasi gani? Lakini kulungu ndiye rahisi kuridhika kuliko wote katika hesabu hii. Risasi zinazomtosha zipo kwa makumi. Zinazokubaliwa na jimbo lako na kuvumiliwa na bega lako ni chache zaidi, kwa hiyo tuanze na hizo.

Neno kuhusu jina kwanza. Ninayemsema hapa ni kulungu mkia mweupe wa Amerika Kaskazini. Si kulungu wa nyumbani. Yule wa kwetu ana pembe za kudumu, huyu wa huku dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Biblia ya Union ina neno ayala kwa mnyama wa jamaa yake, ila sijawahi kumsikia mtu akisema "naenda kuwinda ayala". Tutabaki na kulungu.

Hatua ya 1: Hakikisha wewe mwenyewe unaruhusiwa

Hapa watu wetu huumia, tena si kwa nia mbaya. Dukani utajaza fomu 4473 ya serikali kuu, kisha muuzaji atapeleka taarifa zako zikaguliwe. Umri wa kununua bunduki ndefu dukani ni miaka 18 kwa sheria ya taifa, na majimbo mengine yameupandisha. Raia, mwenye green card na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wanaweza kununua ikiwa hawana kizuizi kingine. Aliye na viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa hata kuishika bunduki, isipokuwa ana kibali halali cha uwindaji kilichotolewa na jimbo au sifa nyingine iliyotajwa na sheria. Ukiwa kwenye kundi hilo, muone kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Kosa la bunduki linaweza kukugharimu makazi yako nchini.

Usijaze fomu kwa kubahatisha, maana jibu la uongo pale ni jinai. Na usikubali ombi la "ninunulie wewe, nitakurudishia hela". Najua kwetu kukataa kumsaidia ndugu ni aibu. Kumnunulia mtu bunduki huku ukiandika kwamba ni yako ni kosa la serikali kuu hata kama yeye hana doa lolote.

Kozi ya wawindaji nayo iko humu. Wakenya wengi wanaokuja huku hawajawahi kuona uwindaji halali kwa macho, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mtanzania ana fununu za vitalu na leseni. Mkongomani huenda aliona gobore kijijini. Wote watatu wanahitaji kozi hiyo, na wakeshe macho.

Hatua ya 2: Soma kijitabu cha jimbo kabla ya kusoma bei

Kila jimbo hutoa kanuni zake kila mwaka, kwenye karatasi na mtandaoni. Tafuta sehemu ya kulungu, kisha kifungu cha silaha. Hicho ndicho kitakachokuchagulia nusu ya bunduki.

Mfano ni Ohio. Tangu 2014 jimbo limeruhusu bunduki zenye mtutu wa mikunjo (mistari iliyojizungusha ndani ya mtutu) kwa kulungu, lakini kwa risasi za ganda lililonyooka tu, kuanzia kaliba .357 hadi .50. Chukua risasi ya .308 uitazame: ganda lake ni nene chini, halafu karibu na juu linabana ghafla, kama chupa ya soda. Hiyo ni ganda lenye shingo, na hairuhusiwi. Sasa chukua .350 Legend. Inapanda moja kwa moja kama chaki, bila bega wala shingo. Jina linasema .350, ila kichwa chake, kile kipande kinachoruka, kina upana wa inchi .357, kwa hiyo inaingia kwenye sheria. Winchester waliileta sokoni mwaka 2019, na soko waliloliona ni majimbo ya namna hii. Iowa nayo imekuwa na sheria ya jamaa hiyo, yenye vipimo vyake.

Sababu inaeleweka ukisimama shambani. Nchi ni tambarare, nyumba na barabara ziko karibu. Kichwa cha .308 kikikosa mnyama kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu. Risasi za ganda lililonyooka kwa kawaida huenda polepole zaidi na huanguka mapema zaidi, ingawa hata hizo zinaua mbali kuliko unavyoona.

Vuka mpaka uingie Pennsylvania na mambo yanageuka. .308 yangu inakubalika kabisa, na kila mwaka inasafiri kwenda kule, ndani ya mkoba wake, haina risasi. Kinachokataliwa kule kwa kulungu ni bunduki inayojikoki yenyewe. Kwa hiyo jirani mwenye bunduki ya kujikoki ya .450 Bushmaster, halali kwake Ohio, akiwinda nayo kulungu Pennsylvania amevunja sheria, nami nikiwinda kulungu kwa .308 yangu Ohio nimevunja sheria. Mtandaoni watu hubishana miaka nenda rudi kuhusu risasi bora, na nusu yao hawajui mwenzao yuko jimbo gani.

Sheria hizi hubadilika. Soma ya mwaka huu, hata kama shemeji yako anawinda tangu zamani na anajua kila kitu.

Hatua ya 3: Pima bega, jicho na mkono

Mpwa wangu alikuja dukani nami akiwa na kilo 58 na hamu kubwa. Akaishika .45-70.

"Mjomba, nataka hii. Hii ni ya mwanaume."

"Ulishawahi kuipiga?"

"Bado."

Nikampeleka uwanja wa shabaha, rafiki akatuazima yake. Alipiga risasi tatu. Ya kwanza ilipiga karatasi. Ya pili ilikwenda kwenye udongo mbele ya shabaha. Ya tatu nilimwona amefumba macho kabla hajavuta kifyatulio. Hivyo ndivyo teke la bunduki linavyoharibu uwindaji: bega linaumia kidogo tu, lakini akili inaanza kuliogopa pigo kabla halijaja, mkono unasukuma, na risasi inakwenda kwenye tumbo la mnyama badala ya kifua.

Kwa hiyo pima. Shika bunduki iliyohakikishwa haina kitu ndani ya chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa), weka kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa: ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Ipandishe begani ukiwa umefumba macho, kisha fumbua. Ikiwa unalazimika kunyoosha shingo ili uone ndani ya darubini, kitako hakikufai. Fanya hivyo ukiwa umevaa koti la baridi, maana msimu mkuu wa bunduki Ohio huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na koti linaongeza unene begani.

Pima jicho pia. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama saa ya ukutani katikati ya tundu, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kuiona saa ndilo jicho lako kuu. Wapo wanaoandika kwa mkono wa kulia huku jicho kuu likiwa la kushoto, na bunduki za mkono wa kushoto zinauzwa.

Uzito wa kilo tatu hadi tatu na nusu unatosha. Nyepesi sana inapendeza kubeba, lakini teke lake ni kali zaidi kwa risasi ileile.

Hatua ya 4: Chagua risasi

Sasa tunamfikia mnyama. Kifua cha kulungu, mahali mapafu na moyo vilipo nyuma ya bega, ni kama sahani ya chakula, sentimita 20 hivi kwa upana. Ngozi si nene, mbavu si ngumu. Wawindaji wa zamani hutaja futi-pauni 1,000 za nguvu pale risasi inapomfikia. Ni kipimo cha kukadiria tu, kwani risasi yenye futi-pauni 2,500 iliyopiga paja ni kazi bure.

Kama jimbo lako linaruhusu ganda lenye shingo, mimi ningetazama hizi. .243 Winchester, ya mwaka 1955, yenye kichwa cha greni 95 hadi 100 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), ina teke dogo na inamfaa mtu mwepesi au anayeanza. Inadai ulenge vizuri, haina ziada ya kufidia makosa. 7mm-08 Remington ndiyo ningemnunulia mtu yeyote nisiyemjua: greni 140, teke la wastani, inafanya karibu kila inachofanya .308. Ubaya wake ni kwamba duka dogo la kijijini linaweza kukosa boksi lake. 6.5 Creedmoor, ya 2007, iko karibu nayo kwa teke, na risasi zake zimejaa kila mahali. .308 yenyewe, ya 1952, kwa greni 150 inatoka kwa futi kama 2,800 kwa sekunde. .270 ya 1925 na .30-06 ya 1906 ni wazee ambao hakuna kulungu aliyewahi kuwalalamikia, ila teke lao linamzidi mgeni.

.30-30 Winchester, ya mwaka 1895, inahitaji sentensi zake. Bunduki zake nyingi ni za wenzo (lever-action, unakoki kwa mkono wa chini ya kifyatulio), fupi, tamu kubeba msituni, na ndani ya yadi 150 inaua kulungu kama inavyoua tangu enzi hizo. Lakini risasi hukaa ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa fataki (kiwashio cha nyuma) ya ile. Ukiweka vichwa vyenye ncha kali ya metali, mtikisiko unaweza kulipua iliyo mbele. Ndiyo maana vichwa vyake ni bapa, au vina ncha laini ya plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa majimbo ya ganda lililonyooka, .350 Legend ndiyo chaguo langu kwa wengi: greni 150 hadi 180, teke dogo, inatosha hadi yadi 150 na zaidi kidogo kwa mkono mzoefu. .450 Bushmaster inapiga kwa nguvu zaidi, mbele na nyuma. .44 Magnum kwenye bunduki fupi ya wenzo ni nzuri kwa yadi 100. .45-70 ilianza mwaka 1873 na inaweza kumwangusha mnyama mkubwa mara kadhaa kuliko kulungu, jambo ambalo hulihitaji. Mpwa wangu tulimnunulia .350.

Kitu kimoja usikosee: maandishi kwenye mtutu na maandishi kwenye boksi yalingane neno kwa neno. Risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia kwenye chemba ya .223 na bunduki ikalipuka mikononi mwako. Kuingia si kufaa.

Hatua ya 5: Aina ya bunduki

Ya komeo. Ningeweza kuishia hapo. Ni rahisi kusafisha, rahisi kuona kama chemba ina kitu, na hata zile za bei ya chini siku hizi zinalenga vizuri kuliko wanaozipiga. Ruger American na Savage Axis ni mifano ya bei nafuu. Tikka T3x ni laini zaidi, na utailipia. Kama bajeti ni ndogo kabisa, ya risasi moja inayofunguka kwa kukunjika katikati, mfano CVA Scout, inatosha: ukijua una risasi moja unalenga kwa adabu.

Ya mkono wa pili ni sawa, ila chungulia mtutu kwa tochi ukiwa umetoa komeo. Mikunjo ya ndani ionekane mikali, bila kutu wala vishimo. Kisha mpe fundi bunduki aikague.

Hatua ya 6: Kichwa cha risasi na nyama utakayokula

Boksi likiandikwa FMJ, liache kwenye rafu. Hicho ni kichwa kilichofunikwa chote, kinatoboa kama msumari na kutoka, mnyama anakimbia kufia mbali. Majimbo mengi yanakikataza kwa kulungu. Unataka kichwa kinachofunguka kikiingia, kama uyoga. Vya kawaida vyenye ncha laini ya madini ya risasi (lead) vinatosha kabisa.

Mimi nimehamia vya shaba tupu. Madini hayo ya risasi ni sumu, na vichwa vyake vikivunjika huacha chembe ndogo kwenye nyama, mbali na tundu kuliko unavyodhani. Nyama ile nawalisha watoto. California imekataza kabisa risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Shaba ni ghali zaidi, lakini kwa msimu mzima unatumia ngapi? Ukibaki na za kawaida, kata nyama kwa ukarimu kuzunguka tundu na uitupe.

Mwislamu ana hesabu ya ziada: jina la Mungu litajwe wakati wa kupiga, na mnyama akikutwa bado hai inabidi achinjwe. Kisu kikali kiwe kiunoni, si kwenye gari.

Hatua ya 7: Darubini, kisha karatasi

Darubini ya 3-9x40, yaani inayokuza mara 3 hadi 9, inatosha, na nusu ya wakati utaiacha kwenye 3. Ukiwa kwenye miti, mnyama wa yadi 40 ndani ya ukuzaji wa 9 ni ukuta wa manyoya ya kahawia, hujui ni bega au paja. Ifungwe mbali na jicho, kama sentimita tisa. Nina kovu dogo juu ya nyusi linaloeleza kwa nini.

Anza kurekebisha kwa yadi 25. Piga risasi tatu, usiguse kitu baada ya moja. Tazama katikati ya zile tatu, ndipo bunduki inapopiga. Zikishakuwa karibu na shabaha, nenda yadi 100. Kwenye darubini nyingi, kila mlio wa kirekebishi (kile kifundo unachozungusha) husogeza pigo robo inchi kwa yadi 100. Tatu za mpwa wangu zilikuwa inchi tatu chini na mbili kulia. Tatu mara nne, milio 12 kwenda juu. Mbili mara nne, milio minane kwenda kushoto. Akapiga tena, zikakaa. Kwa yadi 25 hesabu ni tofauti: mlio uleule unasogeza moja ya kumi na sita ya inchi tu, na hapo wengi huchanganyikiwa, wanazungusha mara mbili tatu na kulaumu darubini. Subiri mtutu upoe kati ya mafungu.

.350 Legend iliyorekebishwa kwa yadi 100 huwa imeanguka inchi kama nane au zaidi ifikapo yadi 200. Inchi nane, sentimita 20 hivi, ndio upana wa ile sahani ya kifua.

Ukishapata shabaha, andika kwenye boksi aina na uzito wa risasi, na usibadilishe. Boksi la kampuni nyingine, hata la greni zilezile, linaweza kupiga mahali pengine.

Kisha achana na meza. Msituni hakuna meza. Nunua sahani za karatasi, bandika moja, kaa chini au piga goti kama utakavyokaa, piga tano. Sogea nyuma hadi utakapokosa. Mpwa wangu alitoboa tano zote kwa yadi 80. Kwa yadi 100 mbili zilipita pembeni, akataka kurudia, nikamwambia kulungu hatamrudishia. Alikunja ile sahani ya yadi 80, akaitia mfukoni mwa koti la rangi ya chungwa, na ndio ulikuwa mpaka wake mwaka ule. Jike lililomjia asubuhi ya siku ya pili lilisimama yadi 45.